Sabuni ya Wagika

Watoto mia tatu kumi na wawili walilikimbilia gari la matangazo siku ile kule Mkolani, na Bwana Venant alikuwa amewahesabu wote. Aliwahesabu mwenyewe, kichwa nje ya dirisha, kidole hewani, huku kipaza sauti kikiimba sifa za sabuni juu ya paa. Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya tawi iliyokuwa juu ya duka la vipuri vya baiskeli pale Nyamagana, aliisoma namba hiyo mara mbili, akavua miwani ili iingie vizuri.

"Mwezi uliopita walikuwa mia moja themanini," alisema. "Hili ni ongezeko kubwa."

"La watoto," Akinyi alisema.

"La watu, Bi Akinyi. Mtoto ni mtu."

"Ni mtu, bosi, lakini hanunui sabuni. Hata kuoga hataki. Na miche mwezi huu tumeuza mingapi?"

Bwana Venant alivaa miwani yake tena. Meneja huyu alikuwa mtu wa Bukoba, mwenye suti mbili na upole mwingi, na swali la miche lilimuumiza kama swali la umri linavyomuumiza bibi harusi. Miche ilikuwa imepungua. Ilikuwa inapungua tangu Machi, na kadiri ilivyopungua ndivyo watoto walivyoongezeka nyuma ya gari.

Ulikuwa mwaka 1994. Watu waliokuwa wakipanga foleni nusu siku kwa mche mmoja wa sabuni, wakiwa na barua ya balozi wa nyumba kumi mkononi, sasa walikuwa wanabembelezwa. Sabuni za Kenya, sabuni za Uganda, sabuni zenye picha za wanawake waliooga mpaka wakatabasamu, zote zilijaa madukani zikisubiri mtu azihurumie. Katikati yao ilikuwapo Theluji, mche mweupe mrefu wenye jina lake limegandamizwa ubavuni kwa herufi kubwa. Kandokando ya ziwa hakuna aliyewahi kuiona theluji. Dar es Salaam, sabuni ilikotengenezwa, hawakuwahi kuiona pia, lakini makao makuu walikuwa na kalenda yenye picha yake.

Faksi iliyotoka huko wiki hiyo ilikuwa fupi. Tawi la Mwanza linatumia fedha za matangazo. Tunapata nini? Tunataka matokeo yanayopimika, kabla ya mwisho wa Septemba.

Akinyi aliisoma akiwa amesimama. Mwisho wa Septemba ulikuwa wake pia. Alikuwa Afisa Masoko kwa miezi mitano, katika majaribio, na baada ya tarehe thelathini kulikuwa na barua mbili tu duniani ambazo angeweza kupewa: ya kumthibitisha kazini au ya kumshukuru. Baba yake, mzee Okeyo, alikuwa ameshapata ya pili. Ginneri ya pamba ilimpunguza kazini baada ya miaka ishirini na mitatu, akarudi Rorya na saa ya ukutani aliyoagwa nayo. Akinyi hakutaka saa. Alikuwa na stashahada ya biashara aliyoipata kwa kushika nafasi ya pili katika darasa la wanaume thelathini na wanne, na mpaka leo aliamini yule wa kwanza alikuwa ameazima daftari lake.

"Tuchague maduka kumi," alimwambia Bwana Venant. "Tuhesabu miche inayouzwa kabla ya tangazo, na inayouzwa baada yake. Tofauti ndiyo matokeo. Tuhesabu miche, bosi, tuache kuhesabu macho."

Bwana Venant alisema ni wazo zuri sana, akauliza kama macho nayo hayawezi kuwekwa kwenye jedwali, hata kwa chini.

*

Wazo la ngoma lilitoka kwa dereva. Mzee Chenge alikuwa Msukuma wa Misungwi, mtu wa miaka hamsini na kitu, na aliendesha gari la matangazo kwa uso wa mtu anayesindikiza mkwe asiyempenda.

"Unawatafuta watu wazima, mama afisa?" alimwuliza njiani. "Agosti hii huwapati kwa kipaza sauti. Pamba imeuzwa, mahindi yako ghalani. Watu wako kwenye ngoma."

"Ngoma gani?"

Akamweleza. Ngoma za Wasukuma zina pande mbili, Wagika na Wagalu, tangu enzi za mababu wa mababu. Mtu anazaliwa upande wake kama anavyozaliwa na pua yake. Wakati wa mashindano pande zote mbili zinaingia uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na manju wake, yule anayetunga na kuongoza nyimbo. Jaji hakuna. Watu wanasimama wanapopenda, wakichoka hapa wanahamia kule, na jua likianza kushuka, upande wenye watu wengi zaidi umeshinda.

Akinyi alimgeukia. "Kwa hiyo mshindi ni mwenye umati?"

"Basi."

"Wanaupimaje?"

"Hawapimi. Wanaona. Kuna mwaka niliona manju amebaki na mkewe tu, na mke mwenyewe alikuwa anachungulia upande wa pili."

Akinyi alicheka, lakini kalamu ilikuwa tayari mkononi. Chuoni walifundishwa kwamba shida ya tangazo ni kumfikia mtu mahali ambapo akili yake imetulia. Hapa palikuwa na watu maelfu, wazima, wenye pesa ya pamba mfukoni, wamesimama kwa saa nne nzima wakitazama mahali pamoja.

"Mwaka jana alishindwa nani?"

"Wagika. Miaka mitatu mfululizo. Manju wao anaitwa Nkwabi."

"Twende kwake. Aliyeshindwa hatatudai makubwa."

Mzee Chenge alipunguza mwendo kidogo. "Na wale wengine?"

"Bajeti inatosha upande mmoja."

Dereva alitazama barabara. Alikuwa Mgalu, na baba yake Mgalu, na mama yake aliolewa kutoka Wagalu ili nyumba isigawanyike. Lakini alikuwa ameulizwa jina la aliyeshindwa, akalitoa. Juu ya bajeti hakuulizwa, akakata kona kuelekea kwa Nkwabi.

Nkwabi walimkuta akishona ngozi ya ngoma uani, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyezomewa na asiyesahau.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Okeyo. Kwetu Rorya."

"Mjaluo. Na umetuletea sabuni." Nkwabi aligeukia wazee wawili waliokaa naye. "Siku hizi Wajaluo wanatufundisha kuoga."

"Sisi tunakaa ziwani, mzee, tunaoga tukitaka tusitake. Nyinyi mnaolala na ng'ombe ndio nimewaonea huruma."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Kuanzia hapo mambo yalikuwa mepesi. Wagika wangepewa katoni nane za Theluji, fulana thelathini na lori la kuwabeba. Wao wangeiimba sabuni, wangeichezea, wangewatupia watu vipande vyake. Nkwabi aliuchukua mche mmoja, akaunusa, akausugua kwa kidole gumba.

"Ndani ina nini?"

"Mafuta ya mawese na magadi."

"Na nini tena?"

Akinyi hakujua na nini tena. Makao makuu hawakuwa wamemwambia, na hakuwa mtu wa kusema sijui mbele ya wanaume watatu.

"Hiyo ni siri ya kiwanda, mzee. Hata mimi hawaniambii."

Nkwabi aliacha kuusugua ule mche. Aliutazama, akamtazama binti, akauweka chini taratibu juu ya ngozi, si juu ya vumbi.

"Nimeelewa," alisema. "Mtu hawezi kuitaja."

*

Kwa wiki mbili kabla ya mashindano Akinyi alizunguka maduka yake kumi, kuanzia Misungwi penyewe hadi njiapanda za vijijini, akaandika miche iliyouzwa. Mia moja na sitini. Haikuwa namba ya kujivunia, lakini ilikuwa ya kweli, na ile ya pili ingekuja mwezi mmoja baada ya ngoma.

Siku yenyewe Wagika waliingia uwanjani wakiwa weupe. Nkwabi alikuwa amewapaka povu kuanzia utosini hadi magotini, wanaume thelathini, na ngoma ilipolia walianza kusuguana migongo kwa mpigo mmoja, mbele, nyuma, mbele, povu likiruka juani. Kisha wakamwagiana maji kwa vibuyu, na chini ya lile povu zikatokea fulana zenye jina la Theluji. Nkwabi aliimba kwamba aliyemcheka mwaka jana alikuwa na uchafu machoni, aje aoshwe. Upande wa pili Wagalu walikuwa na mtu mwenye chatu. Chatu wao alikuwa mkubwa, lakini watu walikuwa wamemwona mwaka jana na mwaka juzi, na yeye mwenyewe alionekana kuchoka.

Umati ulianza kuhama. Walianza vijana, wakafuata akina mama wenye watoto mgongoni, na saa kumi hata wazee walinyanyua viti vyao vya miguu mitatu wakavuka uwanja. Akinyi alipanda juu ya gari. Aliugawa umati kwa macho katika miraba, akahesabu mraba mmoja, akazidisha, akarudia kutoka upande mwingine ili asijidanganye. Watu elfu nne na mia mbili. Kwa Wagalu alihesabu mmoja mmoja, walikuwa mia tano na kumi pamoja na chatu.

"Mzee Chenge," aliita kutoka juu, "umeona?"

"Nimeona, mama afisa."

Alikuwa ameegemea gari upande wa kivuli, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeona kitu cha kufurahisha.

Jumatatu Bwana Venant aliishika karatasi ya hesabu kwa mikono miwili. "Elfu nne na mia mbili. Na hawa ni wazima."

"Ni wazima. Lakini bado, bosi. Tusubiri maduka."

"Dar wanasubiri pia. Tupeleke hii kwanza, maduka yatafuata."

Akinyi alijua jibu sahihi. Alikuwa amelisema yeye mwenyewe, katika chumba kilekile, juu ya watoto mia tatu kumi na wawili. Lakini hawa walikuwa wake. Alikuwa amewahesabu kwa miraba, juani, kwa njia ambayo yule wa kwanza wa darasa lake asingeijua, na namba hiyo ilikaa vizuri sana kwenye karatasi. Akatia sahihi. Mashine ya faksi ikaimeza ikinguruma.

Jibu lilikuja siku hiyohiyo, na lilikuwa na neno hongera mara tatu.

*

Mwezi mmoja baadaye alienda Misungwi na daftari lake. Duka la kwanza lilikuwa la mama Paskazia, mjane mnene aliyeuza kila kitu kuanzia misumari hadi sukari ya kupima, na ambaye mume wake alikuwa Mgika na baba yake Mgalu, jambo lililomfanya aheshimiwe kama mpaka wa nchi. Katoni za Theluji zilikuwa zimepangwa ukutani hadi karibu na dari.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kuzichukua?"

"Kuchukua nini, mama?"

"Hizi. Wiki ya kwanza niliuza miche sitini, nikaagiza nyingine. Tangu hapo nimeuza minne. Mitatu kwa mwalimu wa Kigoma, mmoja kwa padri."

Akinyi alidhani amekosea kusikia. Akamwuliza kama watu waliokuwa uwanjani hawakuipenda.

"Waliipenda mno," mama Paskazia alisema. Akavuta kigoda, akakaa, kwa sababu aliona mgeni wake hajui na jambo litachukua muda. "Sikiliza. Nkwabi ameshindwa miaka mitatu. Mwaka huu amepewa sabuni na binti wa Kijaluo, amewapaka watu wake, uwanja mzima umemfuata. Mtu anajiuliza, ni nini kimewavuta?"

"Ngoma ilikuwa nzuri."

"Ngoma huwa nzuri kila mwaka. Ni dawa, mwanangu. Kila manju ana dawa ya kuvuta watu, na ya mwaka huu ilikuwa kwenye sabuni. Nkwabi mwenyewe aliulizwa hapa mbele ya duka langu. Akasema ina kitu ndani ambacho hata mwenye nayo hawezi kukitaja."

Akinyi alikumbuka siri yake ya kiwanda.

"Sasa Mgalu ataogaje sabuni hiyo? Asubuhi anaamka anajikuta kwa Nkwabi. Wamewakataza mpaka wake zao kuipitisha mlangoni. Nusu ya wateja wangu, hao hapo, wameondoka."

"Na Wagika? Wale walioshinda?"

"Hao ndio walionunua ile sitini. Kila nyumba mche mmoja."

"Kwa nini hawarudi kununua mwingine?"

Mama Paskazia alimtazama kwa huruma ya kweli. "Wanunue mwingine wa nini? Ule haujaisha. Nani anafulia nguo dawa ya ushindi? Wameiweka. Ingia nyumba yoyote ya Mgika, tazama juu ya mlango wa ghala."

Akinyi aliingia nyumba tatu. Juu ya milango mitatu ya maghala, umefungwa kwa kamba ya katani, ulikaa mche mweupe wa Theluji, mkavu, jina likisomeka vizuri kabisa. Wenye nyumba walimpokea kwa heshima. Mmoja alimwuliza kama anao mdogo zaidi, wa kumfunga mtoto kiunoni.

Maduka kumi yalitoa jumla ya miche tisini kwa mwezi mzima, na sabini kati yake iliuzwa siku saba za mwanzo.

Aliporudi kwenye gari alizijumlisha namba zile tena na tena mpaka walipofika Usagara.

"Mzee Chenge. Ulijua?"

"Nilijua."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama afisa. Ulisema bajeti ni ya upande mmoja. Mimi dereva, niseme nini juu ya bajeti?" Alibadilisha gia. "Mke wangu ile ya bure mliyotugawia ofisini amempa Mhindi wa duka la vipuri, pale chini ya ofisi. Hakutaka hata kuitupa uani kwetu."

*

Jioni hiyo Akinyi aliandika ripoti ya kurasa mbili: kabla, baada, sababu, kosa la nani. Pale penye kosa la nani aliandika jina lake. Bwana Venant aliisoma, akakunja kona ya karatasi, akaikunjua.

"Ni kazi nzuri sana," alisema kwa upole. "Lakini Mkurugenzi wa Masoko anakuja mwenyewe Alhamisi. Amewaambia wenye kampuni habari za watu elfu nne. Wamepiga makofi, Bi Akinyi. Kwenye kikao. Barua yako ya kuthibitishwa anayo kwenye mkoba, nimeambiwa na sekretari wake. Sasa faksi kama hii, kwa karatasi tulizonazo..."

"Karatasi zipo, bosi."

"Zipo chache."

Bwana Venant hakuituma. Akinyi alijua kwamba haikutumwa, na hakwenda tena kumwuliza. Siku tatu zile alilala vibaya, akiwaza barua ndani ya mkoba.

Alhamisi Mkurugenzi alishuka kwenye ndege akiwa na tai yenye rangi za sabuni. Alikuwa mtu wa kasi. Alitaka kuuona uwanja, akauona, ulikuwa mtupu na mbuzi wawili, akasimama katikati yake akavuta pumzi kama mtu aliyesikia makofi. Kisha akataka kuona duka.

Ndani ya duka la mama Paskazia alisimama mbele ya ule ukuta wa katoni. Theluji kuanzia sakafuni. Theluji hadi dari. Sabuni ya Kenya ilikuwa imebaki na nafasi ndogo kwenye rafu, miche mitano tu.

"Mnaona?" alisema Mkurugenzi, na sauti yake ilikuwa na unyevu. "Mnaona hii? Washindani wamebaki na miche mitano. Duka zima ni letu."

Bwana Venant alisema, "Ndiyo, Mkurugenzi."

"Nilikuwa na wasiwasi na ripoti za mauzo za mwezi huu. Lakini hivi ndivyo ninavyopenda kupima, kwa macho. Bi Akinyi, hongera. Nina kitu chako hapa."

Alifungua mkoba. Bahasha ilikuwa nyeupe, na jina lake lilikuwa limepigwa chapa juu yake, herufi zote sahihi, jambo ambalo makao makuu hawakuwa wamelifanya tangu aajiriwe. Mama Paskazia alikuwa nyuma ya kaunta, amekunja mikono, anamtazama.  Lilikuwa duka lake na sabuni yake isiyouzika, lakini Mkurugenzi hakuwa mgeni wake, na kumweleza haikuwa kazi yake.

Akinyi aliitazama bahasha kwa muda ambao baadaye aliuona mrefu kuliko ulivyokuwa.

"Mkurugenzi, limejaa kwa sababu hainunuliwi."

"Nini?"

"Sabuni ya Kenya imebaki mitano kwa sababu mingine imeuzwa. Ya kwetu imejaa kwa sababu imekaa. Kabla ya ngoma tuliuza mia na sitini kwa wiki mbili. Baada yake, tisini kwa mwezi. Nusu ya watu wanaiogopa, nusu wameifunga juu ya milango. Kosa ni langu, nililipia upande mmoja. Ripoti niliiandika."

Mkurugenzi alimtazama Bwana Venant. Bwana Venant alitazama misumari.

"Mama," Mkurugenzi aliuliza, "ni kweli?"

"Uliza mwenyewe nje," mama Paskazia alisema. "Lakini usitaje jina kwa sauti. Wateja wangu wa mchana wengi ni Wagalu."

Mkurugenzi alisimama kama mtu anayekumbuka makofi. Kisha uso wake ukafunguka polepole.

"Nusu wanaiogopa," alisema. "Kwa hiyo wanaijua."

"Wanaijua sana, Mkurugenzi."

"Kuna mtu hapa asiyeijua Theluji?"

"Hakuna," Akinyi alikiri. "Hata mmoja."

"Andika, Venant. Inafahamika kwa asilimia mia moja." Akaufunga mkoba, bahasha ikiwa ndani. "Bi Akinyi, wewe una akili. Ninachokiona ni kwamba huna moyo wa kampuni."

Barua iliyokuja tarehe thelathini ilikuwa ile nyingine. Ilimshukuru. Na kwa kuwa tawi lilikuwa na upungufu wa fedha na wingi wa sabuni, mshahara wake wa mwezi wa mwisho ulilipwa kwa katoni kumi na mbili za Theluji, kama walivyolipwa wengi miaka hiyo, wengine kwa mabati, wengine kwa nguo za mitumba. Bwana Venant alimsaidia kuzishusha ngazi mwenyewe, mpaka chini, na suti yake.

*

Katoni hizo alizipeleka Misungwi kwa sababu hakuwa na pengine. Mama Paskazia alizitazama zikishushwa.

"Unaniletea nyingine?"

"Za kwangu hizi. Nipe kisu na waya."

Walikaa uani siku nzima. Akinyi alishika mche, akakwangua ubavu wake kwa kisu mpaka herufi zikatoweka, kisha mama Paskazia akaukata kwa waya vipande vinne. Makombo waliyaweka kwenye beseni. Karatasi na maboksi waliyatia moto. Walipomaliza za Akinyi walianza za dukani, na mikono yao ikawa laini kama ya watu wa Dar.

"Na wakiuliza imetoka wapi?"

"Sema imetoka Mwanza. Si imetoka Mwanza?"

Waliiuza kwa vipande, kwenye karai, bila jina. Jumamosi ya kwanza vilikwisha kabla ya adhuhuri. Akinyi aliandika kila siku: vingapi asubuhi, vingapi jioni, nani amerudi kununua mara ya pili. Kulikuwa na mke wa Mgalu mmoja aliyerudi mara tatu, akasema haijawahi kutokea sabuni inayotoa povu namna hii, si kama ule uchawi wa Nkwabi. Mke wa Nkwabi mwenyewe alinunua vipande sita. Ile iliyoko juu ya ghala, alisema, ni ya mzee, na nguo za mzee lazima zifuliwe.

Kufikia katikati ya Oktoba maduka yote kumi yalikuwa yanauliza sabuni ya karai, na katoni za zamani za Theluji zilikuwa zinanunuliwa kutoka stoo ya tawi moja baada ya nyingine kuja kukwanguliwa. Mzee Chenge ndiye aliyekuwa anazileta, mchana kweupe, kwa gari la matangazo, kipaza sauti kimezimwa.

"Bwana Venant amepandishwa," alisema siku moja akishusha. "Anaenda Dar. Theluji imeisha stoo, Kanda ya Ziwa nzima, amewapelekea faksi. Ameandika matunda ya ngoma yameanza kuonekana. Mwaka ujao wanataka ngoma mbili, zote za Nkwabi."

Akinyi alikuwa anakwangua. Hakunyanyua kichwa. "Umemwambia?"

"Hajaniuliza."

"Basi mwambie atakayeshika nafasi yake alete katoni hamsini. Fulana asilete."

Mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani alisimama mbele ya karai. Alichukua kipande, akakipima kwa mkono, akakinusa, akakigeuza upande huu na upande ule akitafuta maandishi.

"Hii inaitwaje?"

"Haiitwi," Akinyi alisema. "Ni sabuni tu, mama."

Mwanamke aliendelea kuitazama kidogo, halafu akashusha ndoo.

"Nipe vinne."

Akinyi alimfungia vinne, akajifuta mkono kwenye kanga, akaandika.